Sala ya Kimya na Kumpenda Mtu Mgumu

Leo twasema nanyi kutoka Kapalata, mjini Kisangani, juu ya swali linalowalemea Wakristu wengi: nitampendaje mtu anitendeaye mabaya? Na sala yafaa nini katika jambo hilo?

Twasali kwa maneno, kwa Baba Yetu na kwa rozari. Iko na sala nyingine, ambayo mtu hunyamaza mbele ya Mungu, akimtazama kwa moyo na kukubali kutazamwa naye. Sala hiyo huitwa taamuli. Mtakatifu Teresa wa Avila aliandika kitabu juu yake mwaka 1577, akafundisha hivi: kama twampenda Mungu, hatuwezi kujua kwa hakika; kama twampenda jirani, hilo laonekana wazi.

Sala hii si ngeni kwetu. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison alifika kwenye maporomoko ya mto Kongo, akaanza misioni ya Mtakatifu Gabriel. Yeye alikuwa wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambalo mwanzilishi wake, Padri Léon Dehon, aliwaagiza watawa wake wakae kila siku mbele ya Ekaristi wakiabudu. Mapadri hao walipotuletea ubatizo, walikuja pia na desturi hiyo.

Tuangalie sasa tunda lake moja. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwaka 1939. Alipokuwa bado mtoto, baba yake alimwacha mama yake, kwa kuwa alizaa mabinti tu. Ninyi mwajua jinsi jambo hilo linavyoumiza nyumba. Binti aliumia sana, walakini alimsamehe baba yake. Baadaye aliingia kwa Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959. Alifundisha shuleni, alisaidia jikoni, na alitunza sakristia. Siku zake zilipita kati ya kelele za watoto, moshi wa jiko na kimya cha tabernakulo.

Tarehe 29 Novemba 1964, wakati wa maasi, askari Simba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika lori. Safari yao iliishia Isiro. Huko Kanali Olombe alitaka kumchukua Anuarite kwa nguvu. Anuarite alikataa. Alipigwa, naye hakulegea. Katikati ya mapigo alimwambia yule kanali kwamba amemsamehe, kwa maana hajui atendalo. Ndipo kanali akaamuru achomwe visu, kisha akampiga risasi. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, naye alikuwa na umri wa miaka 24.

Ndugu, shikeni neno hili: kinywa kile kile kilisema «sikubali» na kikasema «nimekusamehe». Wengi wetu huweza moja tu. Wengine hukataa uovu, wakabaki na chuki. Wengine husema wamesamehe, kumbe wameogopa, nao wanamwachia mwovu njia. Anuarite alimpenda adui yake bila kumtii. Moyo wa namna hiyo haupatikani siku ya vita. Huandaliwa pole pole katika kimya, mtu anapomweka mbele ya Mungu baba aliyemhuzunisha, mwenzake mwenye maneno makali, na hata hasira yake mwenyewe.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Katika ibada hiyo hiyo alitamka hadharani kwamba yeye naye amsamehe aliyemwua.

Nasi wa Kisangani tunalo la kusamehe. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katika mji wetu, na raia wengi walikufa. Mwaka 2023 Wambole na Walengola waliuana kwa ajili ya ardhi, nao waliokimbia walikuja kutafuta hifadhi mjini. Mkimbizi na mtu wa kabila lililomfukuza waweza kukutana sokoni, kisimani, hata katika Misa moja. Haki itafutwe kwa wenye mamlaka, na shamba lirudi kwa mwenyewe. Lakini hukumu ya baraza haiwezi kung'oa chuki moyoni.

Basi, azimio la juma hili ni hili. Kila jioni, kazi zikiisha, keti kimya kitambo mbele ya Mungu. Mtaje mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake likitajwa uso wako hubadilika. Usimshitaki, wala usijitetee. Mwache Mungu amtazame yeye, akutazame na wewe. Kisha, mtakapokutana njiani, uwe wa kwanza kumsalimu.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.