Kitana cha moto na ngozi ya kichwa

Katika saluni nyingi hapa Tanga utaambiwa kuwa kitana cha moto kilivumbuliwa na Madam C. J. Walker, yule Mmarekani mweusi aliyetajirika kwa dawa za nywele. Hakukivumbua. Alipokuwa bado mtoto, mnamo 1872, Marcel Grateau wa Paris alikwishaanza kuwatengenezea wanawake mawimbi ya nywele kwa koleo la moto.

Alichofanya Walker ni kikubwa zaidi, na mimi ninayekula kwa kazi ya ususi natamani kijulikane. Jina lake la kuzaliwa ni Sarah Breedlove. Alizaliwa 1867 huko Louisiana na wazazi waliotoka utumwani, akawa yatima akiwa na miaka 7 na mjane akiwa na 20, kisha akafua nguo za watu St. Louis. Nywele zikamnyonyoka. Aliwahi kuuza dawa za Annie Turnbo Malone kabla ya kuanzisha biashara yake Denver mwaka 1906. Dawa yake ilikuwa na salfa, na somo lake lilianzia kwenye ngozi ya kichwa: kuosha mara kwa mara, kuondoa mba, kupaka dawa. Kitana kilikuja mwisho, nacho kilikuwa cha meno mapana. Mwaka 1917 mawakala wake zaidi ya 200 walikutana Philadelphia, wakazungumza biashara, kisha wakampelekea Rais Wilson simu ya maandishi kulaani mauaji ya watu weusi. Wasusi hao!

Shangazi yangu hakuwahi kumsikia Walker, lakini alifuata utaratibu uleule wa kuweka kitana mwisho. Kitana chake kilikuwa cha chuma chenye mpini wa mti, akikipasha kwenye jiko la mkaa. Kabla hakijafika kichwani alikibana kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikigeuka kahawia, alingoja. Mteja mwenye nywele mbichi alirudishwa juani kwanza, hata kama ana harusi saa kumi.

Alikuwa na haki. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na chuma cha kuchomea nywele hupita hapo kwa mbali. Unyevu ulio ndani ya unywele hugeuka mvuke, hutengeneza vipovu, na unywele hukatikia hapo. Joto la kiasi hulegeza tu vifungo ambavyo maji huvirudisha, ndiyo maana mvua ikikunyeshea nywele hujikunja tena. Lakini ukivuka nyuzi 230 hivi, unywele wenyewe huungua, wala hakuna mafuta ya kuurudisha.

Pasi za umeme za leo zina kipimo, na bado naona mabinti wakikipeleka mpaka mwisho ili wamalize haraka. Nywele nyembamba au zilizotiwa rangi mimi sizivushi nyuzi 150. Nzito, 180 zinatosha. Fungu dogo, mara moja, bila kuganda sehemu moja. Na nywele zilizowekwa dawa siku hiyo sizigusi kwa moto, mteja anune asinune.

Masikio yafunikwe kwa taulo. Mtu akiungua, mpeleke bombani, maji ya baridi yamtiririkie kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta viacheni, wasusi wenzangu, na akitoka malengelenge makubwa aende hospitali.