Joto la meko kuwa umeme: yanayowezekana Bute na yasiyowezekana

KATIKA mji wa Bute, ulio kaskazini mwa Kaunti ya Wajir karibu na mpaka wa Ethiopia, joto haliadimiki. Kinachoadimika ni umeme. Mji wa Wajir wenyewe umetegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, na kaunti hiyo ni miongoni mwa 14 zilizoteuliwa katika mradi wa K-OSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2017, ili kufikisha nishati ya jua mahali ambapo gridi ya taifa haikufika.

Ndiposa huzuka swali: je, joto lenyewe haliwezi kugeuzwa kuwa umeme? Laweza, na bila ya injini wala mvuke. Mwaka 1821 Mjerumani Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, kisha kiungo kimoja kikapashwa moto na kingine kikaachwa baridi, sindano ya dira iliyo karibu husogea. Baadaye ilibainika kuwa kilichoisogeza ni mkondo wa umeme. Elektroni zilizo upande wa moto huchangamka na kukimbilia upande wa baridi. Mwendo huo ndio umeme.

Sharti basi si joto, bali tofauti ya joto. Hapo ndipo wengi hukosea. Bati la paa linalochomwa na jua la mchana lina moto juu na chini vilevile. Hata ikipatikana tofauti ya nyuzi 20, kifaa kizuri kitageuza takriban asilimia moja tu ya joto linalopita ndani yake, ilhali paneli ya kawaida ya sola hugeuza karibu asilimia 20 ya nguvu za mwanga. Kwa mwenye nyumba anayehitaji taa na kuchaji simu tu, sola haina mpinzani Bute.

Ugumu mkubwa umo katika mata yenyewe. Inatakiwa ipitishe umeme kwa urahisi lakini izuie joto, kwa sababu joto likivuka haraka, upande wa baridi nao huwaka na tofauti hupotea. Metali hazifai: elektroni zinazobeba umeme ndizo hizo hizo zinazobeba joto. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko bismathi teluraidi, semikondakta ambayo imetawala kazi hii tangu miaka ya 1950, wakati Abram Ioffe wa Muungano wa Sovieti alipoipa taaluma hii msingi wake. Wasovieti walifikia hatua ya kuuza taa za mafuta zilizovishwa vifaa hivyo kichwani, zikawasha redio vijijini.

Katika semikondakta, sehemu kubwa ya joto husafirishwa si na elektroni bali na mitetemo ya atomu, iitwayo fononi. Mwanya ni huo. Mwaka 1995 Glen Slack wa Marekani alieleza mata bora kuwa ile inayozipokea fononi kama kioo, penye mpangilio wa vurugu, na kuzipokea elektroni kama fuwele, penye njia zilizonyooka. Watafiti wamefuata wazo hilo kwa kutumia atomu nzito, kwa kufungia atomu ndani ya vizimba zinamotikisika ovyo, na kwa kusaga mata kuwa chembe ndogo mno ili mitetemo igonge kingo zake na kutawanyika.

Ubora hupimwa kwa namba iitwayo ZT. Bismathi teluraidi hufikia karibu 1. Mwaka 2014 kundi la Mercouri Kanatzidis katika Chuo Kikuu cha Northwestern lilitangaza ZT ya 2.6 kwa fuwele ya bati na seleniamu, kwenye nyuzi 650 za Selsiasi. Wengine walipojaribu kutumia unga wa mata hiyo, rahisi zaidi kutengeneza, joto lilivuka kupita kiasi. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba aliyeharibu mambo ni utando mwembamba wa oksidi ya bati juu ya chembe. Ulipoondolewa, ZT ilifika takriban 3.1. Hata hivyo, ushindi wa maabara haujawa bidhaa ya dukani.

Tukirudi mekoni, hesabu ni hii. Kwa ZT ya 1, upande wa moto ukiwa nyuzi 250 na wa baridi 50, nadharia huruhusu takriban asilimia 8. Kwa vitendo hupatikana 5 au pungufu. Kipande cha sentimita nne kwa nne hutoa wati chache. Ni kidogo, lakini chatosha kuendesha feni ndogo inayopuliza hewa ndani ya kuni ili ziungue vizuri, moshi upungue na kuni zitumike chache. Jiko la HomeStove la kampuni ya BioLite, ambalo limeuzwa nchini Kenya, hufanya kazi hivyo na huchaji simu kwa umeme unaobaki. Pale ambapo mama na watoto huvuta moshi wa mafiga kila siku, feni hiyo ina thamani kuliko chaji ya simu.

Kupooza upande wa pili ndiko kunakosumbua, hasa penye hewa ya moto na maji ya kutafutwa. Njia isiyopoteza kitu ni kuweka sufuria ya maji upande huo: maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100, nayo hubaki kuwa ya chai. Lakini sufuria ikikauka motoni, kipande huweza kupita kiwango chake, risasi ya kuunganishia ikayeyuka na kifaa kikafa. Kukitengeneza tena haiwezekani, na teluriamu iliyomo ni adimu ardhini kama platinamu.