Mke wa Askari, Shahidi Aliyechelewa Kuulizwa

Alfajiri moja ya Oktoba 1916, huko Ufaransa, jeshi la Uingereza lilimpiga risasi askari wake lenyewe, Harry Farr. Kosa lake liliitwa woga: alikataa kurudi mstari wa mbele. Mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa hospitali kwa miezi mitano kwa hali ambayo madaktari walikuwa wameanza kuiita mshtuko wa makombora. Mikono ilimtetemeka hata barua za kwenda kwa mkewe akawa anaandikiwa na muuguzi.

Mke huyo, Gertrude, alikuwa na mtoto wa kike wa miaka 3. Alipokwenda posta kuchukua pensheni yake aliambiwa hana haki nayo, kwa kuwa mumewe aliuawa kwa woga. Akakosa kodi, akatolewa nyumbani na mwanawe. Aibu ile aliificha kwa miongo mingi. Ni mwaka 2006 tu ambapo Uingereza iliwasamehe askari 306 waliouawa kwa namna hiyo, na binti wa Farr, aliyepigania msamaha huo kwa miaka, alikuwa na umri wa miaka 93.

Naitaja nyumba hii kwa sababu historia ya utafiti juu ya afya ya wanajeshi husimuliwa kana kwamba ni historia ya madaktari na askari peke yao. Mtu wa kwanza kuona kwamba askari amerudi akiwa mtu mwingine ni yule anayelala naye chumba kimoja. Huyo ndiye ambaye sayansi ilichelewa kumuuliza kuliko wote.

Mwanzo wa utafiti huo ulikuwa moyo, kwa maana ya kiungo chenyewe. Mwaka 1871 daktari wa Philadelphia, Jacob Mendes Da Costa, alichapisha utafiti wake juu ya askari zaidi ya 300 wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mioyo iliwaenda mbio, vifua viliuma, pumzi ziliwakatika, na bado hakuona ugonjwa wa moyo wa kueleza taabu hiyo. Februari 1915 Charles Myers, daktari wa Kiingereza, alieleza katika jarida la Lancet habari za askari watatu waliopoteza sehemu ya uwezo wa kuona na kumbukumbu baada ya makombora kulipuka karibu nao. Wote wawili walikuwa waangalifu katika kazi yao, lakini walimchunguza askari kama mtu asiye na kwao.

Aliyegeuza macho kuelekea nyumbani alikuwa mwanasosholojia, Reuben Hill. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alizichunguza familia 135 za jimbo la Iowa ambazo baba alikwenda vitani, na mwaka 1949 akatoa kitabu. Alichokiona kinashangaza hadi leo. Familia iliyoziba pengo la baba barabara, mama akashika fedha na mtoto mkubwa akashika kazi za nje, ilivumilia vizuri miaka ya kutokuwepo kwake. Kisha ikataabika aliporudi, maana kiti chake kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Vita viliisha, na nyumbani mvutano ukaanza kati ya watu wanaopendana.

Hill alisema pia kwamba msiba wenyewe hautoshi kueleza kwa nini nyumba moja huanguka na nyingine husimama. Tazama jambo lililotokea, alisema, kisha tazama nguvu ambazo familia inazo za kulikabili, yaani ndugu, fedha na mazoea ya kusaidiana, halafu maana ambayo familia yenyewe inalipa jambo hilo. Mpango huo ulikuja kuwa msingi wa utafiti mwingi wa familia, hata zile zisizojua harufu ya baruti.

Hata hivyo ilihitajika vita nyingine, na safari hii wanawake wenyewe walipiga kelele. Tarehe 9 Septemba 1965 ndege ya James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani, iliangushwa Vietnam Kaskazini, naye akatekwa. Mkewe, Sybil, alibaki California na watoto wanne wa kiume. Serikali iliwataka wake wa mateka wakae kimya. Sybil alianza kuwakusanya wenzake, na mwaka 1970 kundi lao likawa chama cha kitaifa cha familia za mateka na waliopotea vitani. Mateka 591 waliporudi mwaka 1973, Stockdale akiwa mmoja wao, haikuwezekana tena kujifanya kwamba wake hawapo.

Jeshi la majini lilikuwa limefungua huko San Diego kituo cha kuwachunguza mateka, na ndani yake kukawa na tawi la familia lililoongozwa na Hamilton McCubbin. Watafiti waliwauliza wake walivyoishi miaka ile, wakatambua kwamba kujitegemea kwao kulikuwa njia mojawapo ya kustahimili.

Zaidi ya yote ninaithamini kazi ya Pauline Boss, aliyezichunguza familia 47 za askari ambao hawakurudi wala miili yao haikuonekana. Alieleza upoteo usio na mwisho: baba hayupo kwa mwili, lakini yupo katika kila uamuzi wa nyumba. Hakuna kaburi, hakuna matanga, mirathi haigawiki. Mwanamke hajui akae eda au aandae nyumba ya kumpokea mume. Wazo hilo leo linawasaidia ndugu wa waliotekwa, waliozama baharini na waliopotea katika majanga.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliutambua rasmi ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe. Mwaka 1983 Bunge la nchi hiyo likaagiza utafiti mkubwa wa askari wa Vietnam. Zaidi ya miaka 10 baada ya vita, wanaume 15 katika kila 100 waliotumikia huko walikuwa bado nao. Wake na wenzi 376 walihojiwa pia, wakathibitisha kwamba nyumba za waliougua zilikuwa na ugomvi na vipigo zaidi, na watoto wao walikuwa na matatizo zaidi ya tabia. Mwaka 2011 ndipo Marekani ilipoanza kufuatilia afya ya wenzi wa wanajeshi karibu 10,000. Kati ya Da Costa na siku hiyo ilipita miaka 140.

Huku kwetu Tanzania, Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilianza Oktoba 1978, na Kampala ilianguka Aprili 1979. Msichana aliyekuwa ameolewa na askari akiwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 65. Wengi wa wanawake hao wangalipo na wanakumbuka. Vyuo vyetu vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Nawasihi waende Bukoba, Musoma na Tabora, wawaulize nani alishika nafasi ya baba na baba huyo alirudi vipi. Na wewe msomaji, ikiwa bibi yako ni mmoja wao, mrekodi kwa simu yako wiki hii.