Tujuane, Tujengane: Jinsi Mukuru Ilivyokaa Meza Moja na Kaunti

Siku hizi neno "manispaa" linasikika mpaka kwenye foleni ya maji hapa Kakuma. Mwaka 2023 Kaunti ya Turkana iliipa Kakuma na Kalobeyei hadhi hiyo, na Machi 2025 serikali ya Kenya ikazindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kugeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma zilezile. Kuna wanaofurahi na kuna wanaoogopa, lakini wengi wanauliza tu: sisi tutaulizwa lini? Swali hilo si geni. Watu wa Mukuru, Nairobi, waliliuliza kabla yetu, na naona historia yao inatufaa kuliko semina nyingi.

Mukuru iko upande wa viwanda wa Nairobi, kando ya mto Ngong. Ina sehemu tatu: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Zaidi ya kaya 100,000 zinaishi pale, nyingi katika chumba kimoja cha mabati. Ardhi ilikuwa ya umma. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ikagawiwa watu binafsi na makampuni kwa hati za kukodi, kwa sharti la kujenga viwanda vidogo. Wengi wao hawakujenga kitu. Waliojenga ni watu wa kawaida, wengi wao vibarua, waliotaka pa kulala karibu na kazi. Basi kwenye karatasi ardhi ina wenyewe, na juu ya ardhi kuna watu wengine kabisa. Sisi wa kambini maisha ya kukaa mahali pasipo pako tunayajua, hatuhitaji kufafanuliwa.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi wakuu wa jiji walikuwa na jibu moja: mtaa huu hautambuliki kisheria, kwa hiyo hatuwezi kuleta bomba wala mtaro. Pengo likajazwa na wafanyabiashara wa maji na stima za kuunganisha kienyeji. Ajabu ni kwamba maskini wa Mukuru kwa kila mtungi wa maji alilipa zaidi kuliko tajiri wa mtaa wenye bomba ndani ya nyumba. Huduma ilikuwa mbovu na bei yake ya juu.

Na kila mara kulikuwa na hofu ya tingatinga. Mwaka 1990 mtaa wa Muoroto, Nairobi, ulibomolewa, na ubomoaji haukuishia hapo. Mwaka 1996 wakazi wa mitaa mbalimbali ya mabanda wakaungana na kuunda Muungano wa Wanavijiji. Mwanzo kazi ilikuwa kupinga kufukuzwa. Lakini baadaye waligundua kwamba kelele peke yake inakusaidia leo tu, kesho tingatinga linarudi. Wakaanza mambo mawili ambayo kwa macho ni madogo: kuweka akiba kwa vikundi, na kujihesabu wenyewe.

Hapo kwenye kujihesabu ningependa tusimame kidogo. Wakazi walipita nyumba kwa nyumba. Nani anaishi hapa? Tangu lini? Analipa kodi kiasi gani? Choo kiko wapi na kinatumiwa na watu wangapi? Kazi hiyo ilifanywa na watu wanaokaa pale pale, ambao mama wa nyumba ya pili hawezi kuwadanganya, maana wanamjua. Kabla ya hapo, ofisa akisema "hao ni watu wachache, wahamie kwingine," hakuna aliyekuwa na la kumjibu. Baada ya hapo mkazi aliweza kuweka daftari mezani. Tangu siku hiyo mazungumzo yalibadilika.

Katiba mpya ya Kenya ya 2010 ikaongeza nguvu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa na usafi wa kiwango kinachokubalika. Wakiwa na katiba mkono mmoja na hesabu zao mkono wa pili, wakazi, pamoja na mawakili na walimu wa vyuo vikuu, waliisukuma Kaunti ya Nairobi. Agosti 2017 Kaunti ikaitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Mipango. Maana yake, ujenzi mpya usimame kwa miaka miwili, na katika muda huo mpango wa mtaa uandikwe pamoja na wakazi.

Sasa, unawasikiliza vipi watu wa kaya 100,000? Ukiita baraza moja la wote, watakaosema ni walewale wenye sauti kubwa, na mwenye nyumba wa mabati atamnyamazisha mpangaji wake. Mukuru walianzia chini. Kaya 10 zinazopakana zilifanya kundi moja lenye mwakilishi. Makundi 10 hivi yakaungana kuwa kama kaya 100, nayo yakapeleka watu kwenye kikao cha sehemu nzima. Waliuita utaratibu huo "Tujuane Tujengane".

Msomaji aliyekaa Tanzania atasema, hiyo si nyumba kumi tu? Kweli, inafanana. Utaratibu wa balozi wa nyumba kumi uliwekwa na TANU miaka ya 1960, na Kenya nayo ilikuja kuuchukua kwa ajili ya usalama. Lakini angalia maneno yanaelekea wapi. Mara nyingi nyumba kumi imetumika kuteremsha habari: serikali imesema hivi, mgeni aandikishwe, mtu fulani achunguzwe. Mukuru ngazi ileile ilitumika kupandisha: nyumba zetu kumi hazina choo, maji ya mvua yanaingia hapa, tunaomba mtaro upite pale.

Mvutano mkubwa ulikuwa wa barabara. Kwa viwango vya kawaida vya mipango miji, barabara ya mtaa lazima iwe na upana wa mita kadhaa. Ukivifuata vyote Mukuru, unawaondoa watu wengi sana, na utakuwa umewajengea barabara waliokwisha kufukuzwa. Wakazi wakauliza: gari la zimamoto na la wagonjwa linahitaji kupita wapi hasa? Njia zipi zinatosha kuwa za miguu? Mwishowe waliopanga wakakubali kupunguza upana mahali pengi, ili nyumba zitakazoguswa ziwe chache. Hata mabomba ya maji machafu yalifikiriwa upya: membamba zaidi, ya kina kifupi, yanayoweza kupita vichochoroni. Mhandisi alijua bomba, na mkazi alijua kichochoro, kwa hiyo walihitajiana.

Kuanzia 2020, mamlaka mpya iliyopewa kazi za jiji, Nairobi Metropolitan Services, ilijenga barabara, ikalaza mabomba na kuchimba visima Mukuru. Mahali palipokuwa na tope la kufika magotini, mikokoteni ikaanza kupita.

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kamili. Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila nyumba. Wengine walilala kwenye mahema juu ya vifusi vyao. Haya yalitokea katika mtaa uliokuwa mfano wa ushirikishwaji! Kwa nini? Kwa maoni yangu, kwa sababu swali la mzizi, yaani ardhi ni ya nani, lilikuwa halijafungwa. Watu walishiriki kuchora mtaa kabla ya kuhakikishiwa kuwa watabaki ndani yake.

Ndiyo maana naandika haya kwa pande mbili za kambi. Kwenu ndugu zangu wa mashirika: kutuita mkutanoni, kutupa soda na kuchukua sahihi zetu si kutushirikisha. Bloki yetu iliwahi kuitwa kuchagua mahali pa bomba, tukakuta shimo limeshachimbwa. Tuiteni kabla ya shimo. Na mnapotuita kupanga manispaa, tuambieni wazi nani atabaki wapi na kwa karatasi gani.

Kwetu sisi wakazi, tusingoje kuitwa. Sheria ya Kenya ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi wa manispaa nafasi ya kujadili huduma na kutoa mapendekezo. Soma neno vizuri: wakazi. Mkongo, Msomali, Mrundi, Msudani Kusini na Mturkana wanaokaa hapa, wote ni wakazi. Mturkana hasa tumtafute mapema, kwa maana tukienda mezani kila mmoja na lake, tutagombanishwa kwa bomba moja.

Kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Nyumba kumi, daftari moja, kalamu moja. Tuandike: watu wangapi, choo kipi kimejaa, maji yanafika saa ngapi na mitungi mingapi, laga ikifurika nyumba zipi zinaingia maji, mtoto mwenye ulemavu anapita wapi kwenda shule. Kila kundi limchague mtu wa kulitunza daftari, na mwanamke awemo, maana yeye ndiye anayejua foleni. Manispaa itakapotuuliza, na hata isipotuuliza, tutakuwa na la kuweka mezani.