Watoto wa wazee wa mikeka

Najua nimeadimika. Mitihani ya muhula ilinikaba koo, ila imekwisha na bado napumua, kwa hiyo tuendelee. Leo sina stori ya kantini wala ya maji kukatika bwenini. Leo nataka tukae kidogo na marehemu.

Ilianza hivi. Jumamosi usiku rumeti wangu alikuja na flashi ya filamu za zamani aliyoazima kwa mshikaji mmoja wa idara ya sanaa. Tukafungua moja ya Kiingereza ya mwaka 1960, nyeusi na nyeupe, inaitwa Saturday Night and Sunday Morning. Kijana yuko kiwandani Nottingham, amesimama kwenye mashine ya kukereza vyuma, anahesabu kimoyomoyo vipande vilivyobaki. Rumeti akaruka kitandani: "Aisee, hizo si Raleigh hizo!" Baba yake ni fundi baiskeli, amekulia kwenye spoki na tyubu. Na kweli bwana, ilipigwa ndani ya kiwanda cha Raleigh chenyewe, ambako Alan Sillitoe, aliyeandika kitabu kilichozaa filamu hiyo, aliwahi kufanya kazi akiwa kijana. Zile baiskeli ambazo babu zetu walizipanda kwenda sokoni zilipita mikononi mwa watu kama wale.

Ilipoisha rumeti akauliza, "Huyu jamaa mbona sura yake naijua?" Anaijua kweli. Ni Albert Finney, yule mzee mwenye ndevu na bunduki anayetunza nyumba ya akina Bond kwenye Skyfall ya mwaka 2012. Miaka 52 katikati! Rumeti akatikisa kichwa: "Kipaji hicho. Mtu anazaliwa nacho." Akageukia ukutani, akalala.

Mimi usingizi ulikata. Huwa tunasema hivyohivyo kila mwigizaji mkubwa akifariki: alizaliwa na kipaji, nyota yake iling'aa, basi, tumemaliza. Nikaanza kusoma habari za Finney na wenzake, na kadiri nilivyosoma nikaona kuna kitu hatukitaji kwenye tanzia zile. Kitu chenyewe ni ada. Nani alilipa?

Finney alizaliwa Salford, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 9 Mei 1936. Baba yake alikuwa mpokea kamari za mbio za farasi. Kwa lugha ya kijiweni, mzee wa mikeka. Dogo akafika umri wa sekondari miaka michache tu baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, iliyofuta ada kwenye sekondari za umma. Akasoma Salford Grammar, akaigiza sana pale shuleni, na kutoka hapo akaenda London kwenye chuo cha maigizo cha RADA kwa ufadhili. Alikuwa na miaka 17 hivi.

Sasa tazameni aliokutana nao huko. Kwenye korido zilezile, katika miaka hiyohiyo ya 1950, alikuwepo Peter O'Toole, naye kwa ufadhili, naye mtoto wa mpokea kamari za farasi! Alikuwepo Alan Bates kutoka Derbyshire, naye kwa ufadhili. O'Toole kabla ya hapo alifanya kazi kwenye gazeti la Leeds na akatumikia jeshi la majini. (Najua kuna watakaonikatalia kumwita Mwingereza. Mwenyewe alijiita mtu wa Ireland mpaka mwisho. Ila cheti cha kuzaliwa kiko Leeds, 1932, na kulea alilelewa Leeds. Tusigombane.)

Chuo chenyewe kilikuwa cha kufundisha watu waongee vizuri, maana yake waongee kama watu wa juu. Mwigizaji wa Kiingereza wa wakati ule ukimsikia jukwaani ulidhani babake ni askofu. Na mara nyingine ilikuwa karibu na kweli: Laurence Olivier alikuwa mtoto wa kasisi. Halafu tarehe 8 Mei 1956 ukumbi wa Royal Court ukafungua tamthilia ya John Osborne, Look Back in Anger, ndani yake chumba kidogo cha kupanga, pasi ya nguo na hasira. Alan Bates alikuwemo, akicheza Cliff. Ghafla zikatakiwa sauti za mitaani, na vijana wenye sauti hizo walikuwa wameshasoma, wanasubiri tu.

Hapo ndipo hoja ya kipaji inapoanza kunisumbua. Je, kabla ya vita hapakuwa na vipaji huko Salford? Hao wengine walienda wapi? Nadhani walibaki kwenye mashine zao wakihesabu vipande.

Msome Alec Guinness mpate picha ya zamani. Huyu alizaliwa London mwaka 1914, kwenye cheti cha kuzaliwa nafasi ya jina la baba iko wazi. Alikuwa karani wa kuandika matangazo ya biashara, baadaye akapata nafasi kwenye shule ya maigizo ya Fay Compton, fedha zikamwishia, njaa ikawa njaa kweli. Kilichomwokoa ni mtu mmoja, John Gielgud, aliyekuwa tayari staa. Gielgud alitaka kumpa hela mkononi, Guinness kwa kiburi cha maskini akakataa. Mwaka 1934 Gielgud akampa nafasi ndogo kwenye Hamlet, na kutoka hapo akafika kwenye Oscar ya The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957, na uzeeni akawa yule Obi-Wan wa Star Wars, filamu aliyoiona ya kitoto lakini ikamtajirisha kuliko zote. Alifariki mwaka 2000. Angalieni tofauti: Guinness alihitaji kukutana na Gielgud. Finney alihitaji kufaulu usaili.

Turudi kwa Finney maana huyu mzee nimempenda. Kutoka RADA alienda Birmingham kwenye kampuni ya maonyesho, ambako unacheza jukumu moja usiku huku mchana unafanya mazoezi ya jingine. Mwaka 1959 huko Stratford alikuwa mwigizaji wa akiba wa Olivier kwenye Coriolanus. Olivier akaumia, kijana wa Salford akaingia jukwaani badala yake. Kisha ikaja ile filamu ya Raleigh. Kisha David Lean akamfanyia majaribio kwa ajili ya Lawrence of Arabia, akakataa kusaini mkataba wa kumfunga miaka mingi. Nafasi ikaenda kwa nani? Kwa O'Toole. Filamu ikatoka mwaka 1962 na dunia nzima ikamjua yule mtu wa macho ya bluu. Mtoto wa mkeka mmoja kaachia, wa mkeka mwingine kaokota.

O'Toole aliteuliwa kwa Oscar mara nane, hakushinda hata moja, wakaishia kumpa ya heshima mwaka 2003. Finney aliteuliwa mara tano, hakushinda, na hata sherehe zenyewe hakuwa mtu wa kwenda. Alikataa heshima ya CBE mwaka 1980, akakataa na cheo cha Sir mwaka 2000, akisema mambo ya kuitana Sir yanaendeleza ugonjwa wa Uingereza wa kujiona. Pale nilicheka peke yangu gizani, rumeti akaguna.

Bates ndiye aliyenihuzunisha. Alikuwa na watoto mapacha wa kiume. Mmoja, Tristan, alifariki Tokyo mwaka 1990 kwa pumu akiwa bado kijana mbichi, na miaka miwili baadaye mama yao naye akafariki. Bates akasaidia kujengwa ukumbi mdogo wa maonyesho London wenye jina la mwanawe, uliofunguliwa mwaka 1994. Yeye aliondoka Desemba 2003, O'Toole Desemba 2013, Finney Februari 2019 akiwa na miaka 82.

Na yuko mwingine ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Snape. Alan Rickman, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani aliyefariki Rickman akiwa na miaka minane, mama akabaki na watoto wanne. Alisomea uchoraji na usanifu wa michoro, akafungua ofisi na wenzake, halafu akiwa na miaka 26 akaandika barua RADA. Wakati anasoma alijipatia riziki kwa kuwavalisha nguo waigizaji wakubwa, akina Ralph Richardson na Nigel Hawthorne, nyuma ya jukwaa. Filamu yake ya kwanza ya sinema, Die Hard, ilitoka mwaka 1988, yeye ana miaka 42. Alifariki Januari 2016.

Sasa nishushe nondo yenyewe. Kuanzia mwaka 1962 sheria Uingereza ilizilazimu halmashauri kuwalipia ada na fedha za kujikimu wanafunzi wa digrii ya kwanza, si mkopo, ruzuku. Vyuo vya maigizo havikuwa kwenye lazima hiyo. Huko halmashauri ilitoa ikitaka, na kwa miaka mingi nyingi zilitoa. Mwaka 1990 ikaja mikopo. Miaka hiyohiyo halmashauri zikaanza kubana zile ruzuku za hiari. Mwaka 1998 ikaja ada ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka, 2006 ikawa 3,000, 2012 ikafika 9,000. Waigizaji wazee wenyewe walioanzia chini wamesema hadharani kwamba kwa utaratibu wa sasa wasingethubutu hata kuomba.

Sisemi ada ndiyo iliyoigiza. Kuna waliolipiwa wakatoka na cheti tu, hata hapa kwetu tunawajua, wengine wanasoma ukurasa huu. Ila kipaji bila bumu ni mtu mwenye njaa.

Rumeti wangu muhula huu fedha yake ya mkopo ilitoka wiki ya tisa. Wiki nane tulikula sahani moja. Kwa hiyo asubuhi, tukinywa chai kavu, nilimrudia na ile kauli yake ya kuzaliwa nacho. Nikampa habari zote hizi, na nikamwachia hii ya mwisho. Filamu ya Tom Jones ya mwaka 1963 ilimpa Finney sehemu ya faida, akatajirika. Akafungua kampuni ya filamu na mwenzake Michael Medwin. Kampuni hiyo ikatoa fedha kwa kijana ambaye hakuwa amewahi kutengeneza filamu ndefu, ikatoka mwaka 1971 kwa jina la Bleak Moments. Kijana huyo ni Mike Leigh, ambaye baadaye akawa mmoja wa waongozaji wakubwa wa Uingereza. Alisoma RADA kwa ufadhili. Na sekondari alisoma wapi? Salford Grammar.

Rumeti akaweka kikombe chini. "Hiyo ipo kwenye flashi?"

Haipo. Kama kuna mdau anayo, chumba chetu mnakijua.