Kasulo (Kolwezi)

Kasulo ni mtaa wa mji wa Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msomaji asiuchanganye na Kasulu, mji wa mkoa wa Kigoma nchini Tanzania. Mtaa huu ulijulikana mbali tangu mwaka 2014, madini ya kobalti yalipopatikana chini ya nyumba za wakazi wake.

Historia

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya migodi ya shaba ya magharibi mwa Katanga. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, na shirika la umma lililorithi migodi yake baadaye liliitwa Gécamines. Kwa wafanyakazi wake shirika hilo lilikuwa mwajiri, mwenye nyumba, shule na hospitali. Katikati ya miaka ya 1980 lilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika hata 50,000. Watu wengi waliokosa mishahara waliingia katika uchimbaji wa mikono. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 iliutambua uchimbaji huo, lakini ndani ya maeneo maalumu tu.

Kasulo halikuwa eneo la namna hiyo. Ulikuwa mtaa wa makazi, wenye nyumba za matofali na mabati. Mwaka 2014 mkazi mmoja aliyekuwa akichimba shimo uani kwake alikuta heterojeniti, mawe meusi yenye kobalti na shaba. Habari ilienea upesi. Mashimo yalichimbwa uani, barabarani, hata ndani ya vyumba, yakafunikwa kwa maturubai, na kutoka chini yake mahandaki yalipita hadi chini ya nyumba za majirani. Mwenye kiwanja alipata sehemu ya mapato kutoka kwa wachimbaji. Jirani yake asiyetaka kuchimba alibaki na vumbi na kuta zenye nyufa.

Hapa kuna jambo la sheria ambalo mara nyingi husahauliwa. Nchini Kongo ardhi na madini yaliyo chini yake ni mali ya dola. Hati ya kiwanja humpa mtu haki ya kujenga na kuishi, haimpi kilichomo ardhini. Kwa hiyo wakazi wa Kasulo walikuwa juu ya utajiri usio wao kisheria.

Mwaka 2017 serikali ya mkoa iligeuza sehemu ya mtaa kuwa eneo la wachimbaji wadogo. Mamia ya familia zilihamishwa kwa fidia, nyumba zikabomolewa na ukuta ukajengwa. Haki ya kununua madini ilipewa Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China. Wachimbaji walisimamiwa na ushirika wenye jina la Kiswahili, Maadini kwa Kilimo. Mashirika ya haki za binadamu yalieleza wasiwasi kuhusu namna wakazi walivyohamishwa.

Afya

Utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakazi kuliko ya watu wa mtaa wa kulinganishia. Walioathirika zaidi ni watoto, ambao hucheza katika vumbi hilo.

Nje ya ukuta, katika sehemu ya mtaa iliyobaki makazi, uchimbaji wa uani uliendelea.