Kufanya KCSE bila kuvaa sare: mambo ya kujua mtahiniwa wa kibinafsi



Mwaka mpya ukiingia, hapa Buxton huanza kunijia watu wenye swali moja. Kuna kijana anayeuza vipuri vya magari, aliyeacha shule kwa kukosa karo. Kuna mama wa watoto watatu aliyeolewa akiwa kidato cha pili. Kuna aliyepata D+ miaka kumi nyuma, na sasa kazini anaambiwa hapandi cheo bila cheti cha chuo, na chuo hakimtaki bila C-. Wote wanauliza kama yawezekana mtu kusoma mwenyewe nyumbani na kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Yawezekana, na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, lina utaratibu maalumu wa watu hao. Linawaita watahiniwa wa kibinafsi. Lakini katika wale niliowaona wakianguka, wachache sana walianguka kwa kukosa akili au vitabu. Wengi walisoma mwaka mzima bila mtu hata mmoja kuwasahihisha. Makala haya yataeleza utaratibu ulivyo, kisha yatarudi kwenye jambo hilo, maana ndilo zito.

Cheti na akili ni vitu viwili

Wengi huanza na aibu. Wakumbuke mtoto wa hapa hapa Mombasa, marehemu Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa 1933. Mwaka 1949 alifanya mtihani wa Cambridge School Certificate, na matokeo yake hayakumfikisha Makerere. Akafanya kazi ya ukarani, kisha akaajiriwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu pale Tudor ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, mwendo mfupi tu kutoka Buxton. Mwaka 1955 alipata nafasi ya kwenda Huddersfield, Uingereza, kukamilisha masomo ya sekondari akiwa mtu mzima. Akapata digrii Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Makerere ile ile iliyomfungia mlango ikaja kumfanya profesa. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa kuzikwa kwao, karibu na Ngome ya Yesu.

Si kila mtu atakuwa Mazrui. Lakini gredi ya mtu akiwa na miaka kumi na saba haisemi atakachoweza akiwa na thelathini.

Usajili

Usajili hufunguliwa mwanzo wa mwaka, na karatasi nyingi za mtihani hufanywa Novemba. Mtahiniwa wa kibinafsi hajisajili shule yoyote anayoipenda. Kuna vituo vilivyotengwa, na anayevijua ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nenda ofisini kwake mapema uulize kituo, tarehe ya mwisho na ada ya mwaka huo. Usitegemee tarehe za kuambiwa maskani.

Beba kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na matokeo ya KCPE. Kama unarudia, beba na matokeo ya KCSE ya kwanza. Anayefanya mara ya kwanza sharti awe amepitisha miaka minne tangu KCPE. Hakikisha majina yako yanafanana katika karatasi zote. "Mohamed" na "Muhammad" ni mtu mmoja msikitini, lakini kwenye kompyuta ni watu wawili.

Serikali imekuwa ikiwalipia ada ya mtihani watahiniwa wa shule. Wa kibinafsi hujilipia mwenyewe, kwa hiyo anza kuweka akiba miezi michache kabla.

Masomo saba, na hesabu ya alama

Anayetaka gredi ya wastani sharti afanye masomo yasiyopungua saba: Kiingereza, Kiswahili na Hisabati kwa lazima, sayansi mbili kati ya Bayolojia, Fizikia na Kemia, somo moja la jamii kama Historia, Jiografia au Elimu ya Dini ya Kiislamu, na jengine moja, kama vile Biashara au Kiarabu.

Anayerudia anaweza kusajili masomo machache tu. Tahadhari hapa: matokeo ya namna hiyo hutoka bila gredi ya wastani. Kama chuo kinataka C ya wastani, kufanya Hisabati na Kiingereza peke yake hakutakupa.

Kila somo lina pointi, kuanzia 1 kwa E hadi 12 kwa A. Masomo saba yanafika 84. C- huanzia pointi 32, C pointi 39, na C+ ya kuingilia chuo kikuu pointi 46. Diploma nyingi za vyuo vya kiufundi hutaka C-.

Tuchukue mfano. Mtu amepata Kiswahili B+ (10), Dini B+ (10), Historia B (9), Kiingereza C (6), Bayolojia C- (5), Kemia D (3) na Hisabati D (3). Jumla ni 46, yaani C+. Mtu huyu hesabu imemshinda, na bado amefika. Hata hivyo kozi nyingine hudai gredi katika masomo maalumu. Anayetaka uuguzi ataulizwa Bayolojia, anayetaka uhandisi ataulizwa Hisabati na Fizikia. Angalia kwanza masharti ya kozi unayoitaka, ndipo uchague masomo.

Kuna jambo wengi hawalijui. Tangu 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja iliyo bora, na masomo mengine matano yaliyofanya vizuri. Aliyesajili saba, yote saba yanahesabiwa. Aliyesajili nane anaweza kuangusha moja, mradi lisiwe Hisabati. Kwa mtu aliyesoma madrasa vizuri, Kiarabu kuwa somo la nane si mzigo, ni akiba.

Sayansi zina karatasi ya tatu ya vitendo yenye alama 40. Haifanywi kwa kusoma kitabu kitandani. Zungumza na kituo chako au na shule ya jirani kuhusu siku chache za maabara, hata kwa malipo kidogo, kabla ya Septemba.

Masomo tunayoyadharau

Sasa niseme la nyumbani. Sisi watu wa pwani tunaanguka Kiswahili. Mtu husema, "Hiki changu, nimezaliwa nacho," kisha hafungui kitabu hadi Oktoba. Kiswahili cha KCSE ni karatasi tatu. Ya kwanza ni insha mbili za alama 20 kila moja. Ya pili ina alama 80 za ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimu jamii. Ya tatu ni fasihi, alama 80 nyengine. Anayezungumza vizuri lakini hajui ngeli, uakifishaji wala mbinu za fasihi hana pa kushika.

Tena kuna Kimvita chetu. Ni lugha ya Muyaka, na sioni haya kuizungumza. Lakini ukiandika "ndia" badala ya njia, "ndaa" badala ya njaa, "mato" badala ya macho, msahihishaji atakata alama. Anapima Kiswahili sanifu.

Vitabu teule navyo hubadilishwa. Aliyemaliza wakati wa Kidagaa Kimemwozea asitegemee kumbukumbu zake, kwa sababu miaka hii wanasoma Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Uliza orodha ya mwaka wako kabla ya kununua cha mtumba.

Dini ni vivyo hivyo. Hafidhi wa Kurani anaweza kupata C katika IRE. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na unauliza hoja: taja sababu tano, eleza umuhimu wa jambo fulani, na kadhalika. Ilimu unayo. Kinachotakiwa ni kuipanga kwa mtindo wa mtihani, na hilo hujifunzwa kwa karatasi za miaka iliyopita.

Saa zako ni chache

Toka mwisho wa Januari hadi Novemba ni kama wiki 40. Anayefanya kazi akipata saa mbili kwa siku, ana saa 14 kwa wiki, yaani 560 kwa mwaka. Zigawe kwa masomo saba, unapata saa 80 kwa kila somo. Katika saa 80 huwezi kusoma miaka minne yote, kwa hiyo usianze ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kidato cha kwanza.

Anza na karatasi tano za miaka iliyopita za kila somo, uone mada zinazorudi. Katika Hisabati, kila karatasi ina alama 100: sehemu ya kwanza alama 50, maswali yote lazima; sehemu ya pili unachagua matano kati ya manane, alama 10 kila moja. Dhaifu wa hesabu aimudu kwanza sehemu ya kwanza, kisha achague mada sita au saba kubwa azijue barabara.

Saa bora kwa wengi wetu ni baada ya swala ya alfajiri, kabla ya simu kuanza kulia. Kwa asiyepata utulivu nyumbani, iko maktaba ya umma ya Barabara ya Msanifu Kombo. Ramadhani uipangie mapema: masomo ya kukariri asubuhi, usiku ni wa ibada na usingizi.

Tafuta msahihishaji

Nimesema kuna jambo moja linalowaangusha wengi. Anayesoma peke yake hujiona anaelewa, kwa sababu kila anachosoma kinamwingia. Kuelewa si kuandika. Mwanafunzi wa shule hurudishiwa kazi yenye wino mwekundu kila wiki, naye akajua alipokosea. Wewe usipojitafutia wino huo, utaukuta Novemba, na hapo hakuna kurudishiwa.

Si lazima awe mwalimu wa kulipwa kila siku. Mwalimu mstaafu wa mtaani atakusahihishia insha mbili kwa wiki ukimwendea kwa heshima. Binamu aliye chuoni atapitia hesabu zako Jumapili. Mkiwa watatu wanne wa mtihani mmoja, badilishaneni karatasi na msahihishe kwa mwongozo wa alama, bila kuoneana haya. KNEC huchapisha pia ripoti za mitihani iliyopita zinazoeleza makosa ya watahiniwa, swali kwa swali. Ripoti moja ya Kiingereza ina faida kuliko vitabu vitatu vya marudio.

Jiwekee sharti: hakuna wiki inayopita bila karatasi moja kuandikwa kwa saa, kalamu mkononi, na kusahihishwa na jicho la mtu mwengine.

Msinunue mtihani

Oktoba ikifika, simu zitajaa watu wanaouza "karatasi halisi". Nyingi ni utapeli. Ikiwa ni ya kweli, ndiyo mbaya zaidi, kwani Sheria ya KNEC ya 2012 ina vifungo vya miaka na faini kubwa, na matokeo yako yatafutwa. Zaidi ya hayo, cheti cha wizi kinaleta riziki ya shaka, na sisi tunajua hukumu yake.

Msichelewe

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Darasa lile liliingia kidato cha kwanza 2024, na litafika KCSE mwaka 2027. Hilo ndilo kundi la mwisho la 8-4-4. Nyuma yao wanakuja watoto wa mtaala mpya, na vitabu, walimu na karatasi za mazoezi zitawafuata wao. Leo kitabu cha KCSE kiko kila duka, na jirani aliyefanya mtihani huo yuko kila ngazi ya jengo. Baada ya miaka michache haitakuwa hivyo.

Kwa hiyo mwenye nia asiseme mwakani. Aanze kwa mambo matatu wiki hii: atafute cheti chake cha KCPE kiliko, aende ofisi ya elimu kuuliza kituo, na amtaje mtu mmoja atakayemsahihishia kazi. Akikosa hilo la tatu, asiseme bado kwamba ameanza kusoma.

Wabillahi tawfiq.